Abdel Moneim Riad

Abdel Moneim Riad (kwa Kiarabu: عبد المنعم رياض; 22 Oktoba 1919 – 9 Machi 1969) alikuwa jenerali wa Misri na mnadhimu mkuu wa majeshi ya nchi hiyo kuanzia Juni 1967 hadi kifo chake. Anakumbukwa hasa kwa kazi ya kulijenga upya jeshi lililoshindwa katika Vita vya Siku Sita, na kwa kuuawa akiwa mstari wa mbele kwenye Mfereji wa Suez.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kijiji cha Sibirbay karibu na mji wa Tanta, kwenye delta ya mto Naili. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Familia ilitaka awe daktari, naye akaanza masomo ya tiba, lakini baadaye aliyaacha na kujiunga na Chuo cha Kijeshi, alikohitimu mwaka 1938.

Alichagua fani ya mizinga ya kutungulia ndege. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alihudumu katika kikosi cha fani hiyo, na baada ya vita aliendelea kuisomea huko Uingereza. Baadaye aliongoza shule ya mizinga hiyo nchini Misri, kisha akapelekwa Umoja wa Kisovyeti kwa masomo ya juu ya kijeshi.

Vita vya 1967

Mwaka 1964 Riad aliteuliwa kuwa mnadhimu mkuu wa Kamandi ya Pamoja ya Waarabu, na mwaka 1966 akapandishwa cheo kuwa luteni jenerali. Tarehe 30 Mei 1967 mfalme Hussein wa Yordani alitia sahihi mkataba wa ulinzi na Misri mjini Kairo, na majeshi ya Yordani yakawekwa chini ya Riad. Alifika Amman siku chache tu kabla ya vita, akaongoza askari na nchi ambazo hakuwa amepata muda wa kuzifahamu vizuri.

Asubuhi ya tarehe 5 Juni, Abdel Hakim Amer alituma ujumbe kutoka Kairo kwamba ndege nyingi za Israeli zimeangushwa. Ukweli ulikuwa kinyume: jeshi la anga la Misri lilikuwa limeteketezwa likiwa ardhini. Kwa kutegemea habari hizo Riad aliamuru mashambulizi na kuhamisha brigedi za vifaru, kisha akalazimika kubadili amri. Kufikia tarehe 7 Juni sehemu kubwa ya Ukingo wa Magharibi ilikuwa mikononi mwa Israeli. Wanahistoria wengine humlaumu kwa uhamishaji huo wa vifaru. Wengine husema kwamba bila ulinzi wa anga hakuna kamanda ambaye angeweza kuushika ukingo huo.

Kujenga jeshi upya

Tarehe 11 Juni 1967 rais Gamal Abdel Nasser alimteua kuwa mnadhimu mkuu. Akishirikiana na Mohamed Fawzi, alianza kupanga upya vikosi na mafunzo kwa msaada wa Wasovyeti. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, boti za makombora za Misri zilizamisha manowari ya Israeli, Eilat, karibu na Port Said. Mwaka 1968 ulinzi wa anga, fani aliyoijua tangu ujana, ulifanywa kuwa tawi la jeshi linalojitegemea.

Kifo

Tarehe 8 Machi 1969 Misri ilianza kuzipiga kwa mizinga ngome za Israeli ng'ambo ya mfereji, katika vita vya kumchosha adui. Kesho yake Riad alikwenda mwenyewe karibu na Ismailia kuona matokeo. Mizinga ya Israeli ilijibu, na kombora likaanguka karibu na handaki alimokuwa. Akafariki kwa majeraha. Nasser aliongoza mazishi yake mjini Kairo, yaliyohudhuriwa na umati mkubwa.

Kumbukumbu

Baada ya kifo alipandishwa cheo kuwa jenerali kamili na kupewa nishani ya juu ya kijeshi. Uwanja mmoja katikati ya Kairo una jina na sanamu yake, na tarehe 9 Machi huadhimishwa nchini Misri kama Siku ya Mashahidi. Hakuuona mwezi Oktoba 1973, wakati jeshi alilosaidia kulifufua lilipovuka mfereji likilindwa na makombora ya kutungulia ndege.