Sam Weller Widdowson: Mchezaji aliyechekwa kwa kukinga ugoko wake

Watoto wengi wa Mtoni, Bububu na vijiji vya Unguja hucheza mpira na ugoko mtupu. Kinga ya ugoko, ambayo wachezaji huiita shingadi, imekuwepo kwa karibu miaka 150. Ilianza na mchezaji mmoja wa Uingereza aliyekata vifaa vyake vya kriketi na kujifunga miguuni. Wenzake walimcheka. Leo hakuna mechi rasmi ya mpira wa miguu duniani inayochezwa bila ya kitu alichokianzisha.

Widdowson alizaliwa wapi na lini?

Sam Weller Widdowson alizaliwa tarehe 16 Aprili 1851 huko Hucknall Torkard, karibu na mji wa Nottingham, katikati ya Uingereza. Wakati huo Sayyid Said bin Sultan alikuwa bado hai, na kasri lake la Mtoni, ambalo magofu yake tunayaona hadi leo kando ya bahari, lilikuwa limejaa watu.

Jina lake lina kisa. Sam Weller ni mhusika katika riwaya ya The Pickwick Papers ya mwandishi Charles Dickens, riwaya iliyopendwa sana Uingereza katika miaka ile. Ni mtumishi mcheshi na mwerevu, asiyekosa njia ya kutoka kwenye taabu. Mtoto aliyepewa jina hilo alikuja kuonesha werevu wa namna hiyohiyo, lakini kwenye kiwanja cha mpira.

Nottingham ulikuwa mji wa viwanda. Watu wake walijulikana kwa kusuka soksi na lesi, na sehemu za jirani zilichimba makaa ya mawe. Ilikuwa jamii ya wafanyakazi waliotafuta mchezo wa kupumzisha akili siku ya mapumziko.

Aliingiaje kwenye mpira?

Mwaka 1865 kikundi cha vijana wa Nottingham waliokuwa wakicheza mchezo wa magongo uitwao shinty walikutana na kuamua kuanzisha timu ya mpira wa miguu. Timu hiyo ndiyo Nottingham Forest, ambayo wapenzi wa ligi ya Uingereza wanaijua vizuri. Widdowson alijiunga nayo akiwa kijana, na katika miaka ya 1870 akawa nahodha wake.

Alicheza kama mshambuliaji wa kati. Kama walivyokuwa wanamichezo wengi wa zama zake, hakujifunga na mchezo mmoja. Wakati wa baridi alicheza mpira, na wakati wa joto alicheza kriketi. Mwaka 1878 aliichezea hata timu ya kriketi ya mkoa wake wa Nottinghamshire. Huku kwenye kriketi ndiko alikopata wazo lake.

Mpira wa siku zile ulikuwaje?

Ili kuelewa alichofanya Widdowson, ni lazima kujua jinsi mpira ulivyochezwa wakati huo. Mwaka 1863, viongozi wa timu kadhaa walikutana London kuunda Chama cha Soka cha Uingereza na kuandika sheria za pamoja. Moja ya hoja zilizowagawa ni hii: je, mchezaji aruhusiwe kumpiga mwenzake teke la ugoko ili amnyang'anye mpira?

Leo swali hilo linachekesha. Lakini wapo waliolitetea kwa nguvu, wakiamini kwamba ukiondoa mateke umeondoa uanaume kwenye mchezo. Mwishowe mateke na ngwala vilipigwa marufuku, na klabu ya Blackheath, iliyotaka viendelee, ikajitoa. Baadaye klabu hiyo ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha raga.

Sheria kuandikwa ni jambo moja, na miguu kutii ni jambo jingine. Miaka 10 baadaye wachezaji walikuwa bado wanaumizana. Viatu vyao havikuwa daluga nyepesi tunazozijua. Vilikuwa buti nzito za ngozi, zenye ncha ngumu, zilizofunika kifundo cha mguu. Mshambuliaji kama Widdowson, aliyekuwa akikimbia na mpira kuelekea golini, ndiye aliyepokea mateke mengi.

Ugoko nao ni mahali pabaya pa kupigwa. Pitisha kidole mbele ya mguu wako, chini ya goti, utaugusa muundi mara moja. Hapana nyama ya kuukinga mfupa huo, ni ngozi tu. Ndiyo maana teke la ugoko huuma kuliko la paja, na kidonda cha mahali hapo huchelewa kupona.

Alifanya nini mwaka 1874?

Mchezaji wa kriketi anapokwenda kupiga mpira hufunga pedi ndefu miguuni, kutoka juu ya kifundo hadi kupita goti. Mpira wa kriketi ni mgumu kama jiwe, kwa hiyo hakuna aliyeona aibu kuzivaa.

Widdowson alijiuliza jambo rahisi. Ikiwa mguu huu huu unakingwa wakati wa joto kwa sababu ya mpira mgumu, kwa nini usikingwe wakati wa baridi kwa sababu ya buti? Alizichukua pedi za kriketi, akazikata zikawa fupi ili zisimzuie kukimbia, kisha akazifunga kwa mikanda ya ngozi juu ya soksi zake. Hakuwa na kiwanda wala fundi maalumu. Alitumia alichokuwa nacho.

Alipokelewaje na wenzake?

Alichekwa. Pedi zilikuwa nje ya soksi, kila mtu akiziona, na zilionekana kama kitu cha ajabu. Katika mchezo ambao wengi waliamini kuvumilia mateke ni ushujaa, mtu anayejikinga alionekana mwoga.

Widdowson hakuzivua. Naye hakuwa mchezaji wa benchi ambaye angeweza kudharauliwa kirahisi. Alikuwa nahodha na mshambuliaji wa kutegemewa. Wachezaji wengine walipoona kwamba mwenzao anamaliza mechi akiwa mzima, kicheko kilipungua. Mmoja baada ya mwingine nao wakaanza kufunga kinga. Baadaye zikafanywa ndogo na nyepesi, zikaingizwa ndani ya soksi, na hapo hata sura yake ya kuchekesha ikaondoka.

Alifika wapi baada ya hapo?

Kinga hazikumpunguzia makali. Forest iliposhiriki Kombe la FA kwa mara ya kwanza, katika msimu wa 1878 na 1879, ilifika nusu fainali. Msimu uliofuata ikafika tena.

Tarehe 13 Machi 1880 Widdowson aliitwa kuichezea timu ya taifa ya Uingereza dhidi ya Scotland mjini Glasgow. Scotland ilishinda kwa mabao 5 kwa 4. Hiyo ndiyo mechi pekee aliyoichezea nchi yake.

Baada ya unahodha alikuwa pia mwenyekiti wa klabu. Mashabiki wa Arsenal wana sababu yao ya kuikumbuka Forest ya zama hizo. Mwaka 1886, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, wakiwemo waliowahi kuchezea Forest, walipoanzisha timu na kukosa jezi, Forest iliwapelekea jezi nyekundu na mpira. Rangi nyekundu ya Arsenal ilitoka huko.

Widdowson alifariki dunia tarehe 9 Mei 1927 huko Beeston, karibu na Nottingham, akiwa na umri wa miaka 76. Aliishi kuona kitu alichochekwa nacho kikiwa cha kawaida miguuni mwa wachezaji.

Kinga yake imefikaje kwa watoto wa leo?

Kwa muda mrefu kuvaa kinga lilikuwa jambo la hiari. Wapo wachezaji mashuhuri waliocheza soksi zikiwa zimeshuka hadi kwenye kifundo na ugoko ukiwa wazi. Mwaka 1990 Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lilizifanya kinga kuwa za lazima. Leo zimo katika Sheria ya 4 ya mchezo: lazima ziwe za kitu kinachofaa, zikinge ipasavyo, na zifunikwe na soksi.

Michezo mingine nayo ina kinga zake. Katika mpira wa magongo, ambao timu ya Tanzania iliucheza katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, mpira ni mgumu na gongo linapita karibu na miguu. Katika mpira wa magongo wa kwenye barafu hatari ni kubwa zaidi. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma cha kuteleza, na badala ya mpira hupiga kisahani kigumu cha raba. Mchezo huo si wa mbali kama tunavyodhani, kwani Nairobi ipo timu iitwayo Ice Lions, iliyojifunza kwenye uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari. Kinga ya mtoto anayecheza huko ina ganda gumu la plastiki, na hufunika goti pamoja na ugoko.

Katika michezo yote hiyo kanuni ni ileile: kinga lazima imtoshe mtoto aliyeivaa. Ya kaka yake ikiwa kubwa, itazunguka mguuni na kuuacha ugoko wazi upande mmoja. Ikiwa ndogo, itaacha sehemu ya mfupa bila ya kinga. Ya mpira wa miguu ianzie juu kidogo ya kifundo na iishie vidole viwili au vitatu chini ya goti, ili goti likunjwe bila ya kizuizi. Mtoto anakua, kwa hiyo kinga iliyomtosha msimu uliopita ipimwe tena.

Na huku kwetu Unguja?

Mwaka ambao Widdowson anatajwa kukata pedi zake, 1874, Sayyid Barghash bin Said alikuwa akitawala Zanzibar, na ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu soko la watumwa la Mkunazini kufungwa. Mpira wa miguu uliletwa Unguja na Waingereza, na wanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuucheza hapa. Kwa miaka mingi wachezaji wetu walicheza pekupeku, hata dhidi ya wageni waliovaa buti.

Hali hiyo ingalipo kwa watoto. Kwenye ndondo za mtaani na viwanja vya vijijini, mmoja ana daluga, mwingine yuko peku, na wote wanaugombea mpira mmoja. Daluga moja ikigonga ugoko mtupu, mtoto anaweza kukaa wiki kadhaa na kidonda, akikosa mpira na pengine akikosa shule.

Maisha ya Widdowson yanaonesha kwamba vizuizi vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kukosa kifaa. Yeye alikitengeneza kwa alichokuwa nacho, na mzazi asiyeweza kununua anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mazoezi ya mtaani: vipande viwili vya ndara kuukuu, vilivyokatwa kwa kipimo cha mguu na kutiwa ndani ya soksi, ni bora kuliko ugoko mtupu. Asitumie bati wala plastiki ngumu yenye makali, kwa sababu ikivunjika itamkata mtoto. Kwa mechi za mashindano itafutwe kinga halisi.

Kizuizi cha pili ni kicheko. Watoto wengi huvua kinga kwa sababu wenzao wanawaita waoga, na kocha akinyamaza kicheko hushinda. Kilichomaliza kicheko kule Nottingham ni nahodha kuzivaa mwenyewe. Kocha wa kijiji, kaka mkubwa au mchezaji anayependwa na watoto anaweza kufanya kazi hiyohiyo hapa.

Kinga haizuii kila kitu. Hupunguza michubuko na maumivu, lakini teke kali bado linaweza kuvunja mfupa. Mtoto akipigwa na akashindwa kusimama, au mguu ukivimba na kupinda, asikandwe wala asivutwe mguu. Ufungwe kwenye ubao au gongo ili usitikisike, na apelekwe hospitali haraka.

Wahenga wetu waliamini kwamba tahadhari huja kabla ya hatari. Widdowson hakuijua methali hiyo, lakini aliifuata, na hakuona haya kuifuata mbele ya watu.