Marie Curie: Mlezi wa Watafiti Aliyejisahau

Marie Curie alizaliwa tarehe 7 Novemba, 1867, mjini Warsaw, Polandi. Kwa kuwa vyuo vikuu vya kwao havikuwapokea wanawake, alihamia Paris, Ufaransa, mwaka 1891 ili kujiendeleza kielimu. Mnamo 1898, yeye na mumewe, Pierre, walitangaza ugunduzi wa elementi mbili: poloniamu na radiamu.

Kazi hiyo waliifanyia katika kibanda kilichovuja mvua. Marie alichemsha na kukoroga magunia kwa magunia ya mawe yenye madini, bila kinga yoyote. Ngozi ya vidole vyao ilikakamaa na kubambuka. Pierre alithubutu hata kujifunga radiamu mkononi ili aone ingemfanya nini, naye akapata kidonda kilichochelewa kupona. Mwaka 1901, yeye na Henri Becquerel walichapisha habari za majeraha ya aina hiyo. Kwa hivyo, wataalamu walifahamu mapema kwamba radiamu huunguza. Ambalo halikufahamika vyema ni madhara yake ya ndani, yanayojificha kwa miaka mingi.

Pierre alipofariki mwaka 1906 baada ya kugongwa na mkokoteni wa farasi, Marie alichukua nafasi yake na kuwa mwanamke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Sorbonne. Baadaye aliongoza maabara katika Taasisi ya Radiamu, ambako vijana kutoka mataifa mbalimbali walikuja kujifunza utafiti. Huko aliwaelekeza wanafunzi wake wasiguse mirija ya radiamu kwa mikono mitupu bali waishike kwa koleo, na wajikinge nyuma ya ngao za madini ya risasi. Aidha, damu yao ilipimwa mara kwa mara. Aliyekiuka kanuni hizo alikemewa.

Hata hivyo, mwalimu huyo mkali hakujikemea. Mirija aliyowakataza wengine kuigusa, yeye aliishika kwa vidole vyake. Alikuwa kama yule mganga asiyejiganga. Macho yake yaliingia mtoto wa jicho, na tarehe 4 Julai, 1934, akaaga dunia kwa upungufu wa damu uliosababishwa na kuharibika kwa uboho. Binti yake, Irène, aliyekuwa pia mwanafunzi wake, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1956. Marguerite Perey, aliyeingia maabara hiyo mwaka 1929 akiwa msichana wa miaka kumi na tisa na kugundua elementi ya fransiamu mwaka 1939, aliugua saratani kwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 1975.

Madaftari ya Marie yangali yanatoa miale, nayo huhifadhiwa Paris katika masanduku ya risasi. Urithi wake kwa wanaolea watafiti ni wa pande mbili. Kanuni alizozitunga zilikuwa sahihi, na zingali zafaa. Lakini mwanafunzi husikia kwa sikio moja na kutazama kwa macho mawili. Kanuni asiyoifuata mwalimu mwenyewe huwa imefundishwa nusu.