Ravenstein: Mgeni Aliyewahesabu Wahamiaji

Kila mwaka wanafunzi wa jiografia, katika shule za upili na vyuo vikuu, hukariri orodha ya kanuni za uhamaji zilizobandikwa jina la Ravenstein. Huzikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukishapita huziacha huko huko chumbani mwa mtihani. Ni wachache mno wanaoambiwa Ravenstein huyu alikuwa nani, alikuwa akibishana na nani, na kwa nini alijitwika kazi ya kuchambua majedwali ya sensa safu kwa safu. Laiti wangeambiwa, wangejua kwamba msingi wa utafiti wa uhamaji unaoendeshwa hadi leo katika vyuo vikuu vya Ulaya uliwekwa na mtu aliyekuwa mhamiaji yeye mwenyewe, na kwamba mtu huyo hakuwa mgeni wa habari za pwani yetu wala za milima yetu.

Ernst Georg Ravenstein alizaliwa tarehe 30 Desemba 1834 mjini Frankfurt, Ujerumani, katika ukoo wa wachoraji ramani. Mwaka 1852, akiwa bado kijana wa miaka 17, alivuka bahari akaenda London. Huko alijifunza kwa August Petermann, Mjerumani mwenzake na bingwa wa ramani. Mnamo 1855 aliajiriwa katika idara ya ramani na takwimu ya Wizara ya Vita ya Uingereza, iliyoundwa mwaka huo huo baada ya vita vya Crimea kuwaumbua majenerali waliokwenda kupigana katika nchi wasiyoijua. Alifanya kazi humo kwa takriban miaka 20. Tafakari jambo hilo, ewe msomaji: mgeni aliyewasili juzi anakabidhiwa ramani za jeshi la nchi iliyompokea. Siku hizi yamkini angesimamishwa mlangoni.

Hakuwa mtu wa kujifungia ofisini. Kwa miaka kumi, tangu 1861, aliongoza chama cha mazoezi ya viungo cha Wajerumani wa London, kilichofungua ukumbi wake karibu na kituo cha reli cha King's Cross mwaka 1865. Mwaka huo huo alishirikiana na Waingereza kuanzisha chama cha kitaifa cha michezo ya Olimpiki, zaidi ya miaka 30 kabla ya michezo ya Athens ya 1896.

Uingereza aliyoikuta ilikuwa imo katika msukosuko. Sensa ya 1851 ilionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya wakazi wa Uingereza na Wales waliishi mijini. Ng'ambo ya mlango wa bahari, njaa kuu ya Ayalandi iliyoanza 1845 ilikuwa imeua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja. Maelfu yao walimiminika Liverpool, Glasgow na London, wakaishi katika vyumba vya chini vyenye unyevu, na wenyeji wakawapa majina yote ambayo wenyeji huwapa wageni: wachafu, walevi, waleta maradhi, wavunja ujira. Wengi walizungumza juu ya watu hawa. Waliowahesabu kwa makini walikuwa wachache. Hata William Farr, mwanatakwimu mashuhuri wa enzi hiyo, alikuwa ameandika kwamba uhamaji hauelekei kufuata kanuni yoyote mahususi.

Kauli hiyo ya Farr ndiyo iliyomchokoza Ravenstein. Alichukua matokeo ya sensa za 1871 na 1881, akaling'ang'ania swali moja tu ambalo makarani walikuwa wamemuuliza kila mtu: ulizaliwa wapi? Alilinganisha mahali pa kuzaliwa na mahali ambapo mtu alikutwa usiku wa kuhesabiwa, kaunti kwa kaunti. Akagundua kaunti zinazovuta watu na kaunti zinazotawanya watu. Mwaka 1876 alitoa makala ya kwanza katika jarida la jiografia. Mnamo Machi 1885 akasimama mbele ya Jumuiya ya Takwimu ya London na kuisoma ile iliyomfanya ajulikane.

Aliyoyaeleza yaliyapa kisogo masimulizi ya mitaani. Kwanza, wahamaji walio wengi hawaendi mbali. Takriban robo tatu ya wakazi wa Uingereza na Wales walikuwa wakiishi katika kaunti zile zile walikozaliwa, na wengi wa waliosalia walikuwa wamevuka mpaka mmoja tu. Pili, watu husogea hatua kwa hatua. Mji unapokua, wanaoukimbilia kwanza ni wa vijiji vya jirani. Pengo wanaloliacha hujazwa na wa mbali kidogo. Na pengo la hao nalo hujazwa na wa mbali zaidi, mpaka mvuto wa mji mmoja ukahisiwa katika pembe ya mwisho ya nchi. Tatu, na hili ndilo ambalo wanasiasa wa kila zama hulisahau, kila mkondo mkubwa wa watu wanaokwenda huzaa mkondo mdogo wa watu wanaorudi. Hakuna mji unaomeza tu bila kutema.

La ajabu zaidi lilikuwa juu ya wanawake. Wakati ambapo mabwana wa London waliamini kwamba mwanamke ni wa kukaa nyumbani, Ravenstein aliwaonyesha kwa hesabu kwamba ndani ya nchi waliyozaliwa wanawake huhama kuliko wanaume, na kwamba wanaume huwazidi katika kuvuka mipaka ya nchi. Wala hawakuwa wote wakienda kuwa watumishi wa nyumbani. Viwanda vilishindana na majiko kuwavuta. Jambo hili lilikaa vitabuni kwa miongo mingi kabla watafiti hawajalirudia kwa uzito unaostahili, na mpaka sasa yapo madarasa ambamo mhamaji huchorwa ubaoni akiwa mwanamume mwenye mkoba begani.

Mwaka 1889 aliupanua uchunguzi wake ukafika nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Ulaya, pamoja na Amerika ya Kaskazini. Hapo akauliza sababu. Alikiri kwamba sheria mbaya, kodi nzito, hali ya hewa isiyopendeza na majirani wasio wema huwahamisha watu. Alikiri pia kwamba wako waliohamishwa kwa nguvu, kama watumwa na wafungwa waliopelekwa uhamishoni. Hata hivyo, kwa maoni yake, hakuna kati ya hizo iliyolingana na hamu ya mtu wa kawaida ya kuyaboresha maisha yake. Mhamiaji, kwa hesabu za Ravenstein, si mvamizi wala si mwombaji; ni mtu anayetafuta ujira bora, basi.

Kuna kazi yake nyingine isiyotajwa sana, nayo yatuhusu sisi walimu wa lugha. Mwaka 1879 alichapisha uchunguzi wa takwimu za lugha za Kikelti katika visiwa vya Uingereza. Sensa ya Ayalandi ilikuwa ikiuliza habari za lugha tangu 1851, lakini Uskoti haikuuliza mpaka 1881, na Wales mpaka 1891. Ravenstein hakungoja serikali. Aliwaandikia watu walioyajua maeneo yao, akawauliza ni wangapi wanaosema Kigaeli au Kiwelisi, kisha akakusanya majibu na kuyachorea ramani. Zilikuwa zama ambamo mtoto wa Wales aliyesema lugha ya mamake shuleni aliweza kuvishwa kibao shingoni, adhabu ambayo wengi waliosoma katika shule zetu za Kenya hawahitaji kuelezwa. Kuihesabu lugha iliyodharauliwa kulikuwa sawa na kuutangaza uhai wake.

Sasa tuje upande wa pili wa mtu huyu, kwa kuwa haingekuwa haki kumsifu upande mmoja tu. Ravenstein aliifahamu Afrika Mashariki kwa maandishi. Kitabu cha safari za Ludwig Krapf, yule mmisionari wa Rabai aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849, kilipotoka kwa Kiingereza mnamo 1860, Ravenstein ndiye aliyekiandikia maelezo ya historia ya uvumbuzi wa kijiografia katika sehemu hizi. Kati ya 1881 na 1883 aliitengenezea Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ramani ya Afrika Mashariki ya ikweta yenye karatasi 25, akiunganisha habari za wasafiri na wamisionari. Mwaka 1898 alitafsiri kumbukumbu za safari ya kwanza ya Vasco da Gama, zinazosimulia habari za Mombasa na Malindi mnamo 1498.

Mtu huyo huyo, mwaka 1890, alisimama mbele ya wanasayansi wa Uingereza waliokutana Leeds akazungumzia ardhi za dunia ambazo bado zingeweza kukaliwa na Wazungu. Aliigawa dunia katika ardhi yenye rutuba, nyika na jangwa. Maili moja ya mraba yenye rutuba akaikadiria kulisha watu 207, ya nyika 10, ya jangwa mmoja. Akahitimisha kwamba dunia ingeweza kubeba watu milioni 5,994, na kwamba idadi hiyo ingefikiwa mwaka 2072. Ilipitwa kabla ya mwaka 2000, na mnamo 2022 dunia ilitimiza watu bilioni 8.

Hesabu kukosea si kosa. Linalokera ni swali lenyewe. Alipoitazama Liverpool aliuliza kila mtu alizaliwa wapi na ametoka wapi. Alipoitazama ardhi ya mabara mengine aliuliza itachukua Wazungu wangapi. Hakuwa yeye aliyeandika sheria ya ardhi ya 1902 iliyomwezesha kamishna wa himaya ya Afrika Mashariki kuwagawia walowezi mashamba, na singependa kumbebesha dhambi ya wengine. Lakini ramani na majedwali vilikwishatangulia. Mwaka huo huo wa 1902 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimtunuku medali ya dhahabu ya Victoria, naye akawa mtu wa kwanza kuipokea.

Wataalamu wamezikosoa kanuni zake, na kwa haki. Sensa humkuta mtu mahali pamoja kwa usiku mmoja. Aliyekwenda akarudi kati ya sensa mbili haonekani. Si kanuni kama za fizikia, ni mielekeo. Hata hivyo, Everett Lee alipotunga mwaka 1966 nadharia yake ya mambo yanayomsukuma na yanayomvuta mhamaji, alianzia kwa Ravenstein, na watafiti wa Ulaya wa leo, wakikubaliana naye au wakimpinga, hupitia mlango huo huo.

Aliishi mpaka akaiona sheria ya wageni ya 1905, ambayo kwayo Uingereza ilianza kuwazuia bandarini maskini wa kigeni, hasa Wayahudi waliokimbia mateso katika milki ya Urusi. Uzeeni alirudi Ujerumani kama mmoja wa ule mkondo mdogo wa wanaorejea, akafariki Hofheim, karibu na Frankfurt, tarehe 13 Machi 1913. Agosti ya mwaka uliofuata vita vilizuka. Wajerumani wa London waliamriwa kujiandikisha polisi, na maelfu ya wanaume wao wakafungwa kambini. Mei 1915, meli ya Lusitania ilipozamishwa, maduka ya wale waliobaki yalivunjwa na majirani zao. Ukumbi wa mazoezi wa King's Cross ungali umesimama. Siku hizi ni mkahawa.