Jimmie Rodgers: Mfunga breki wa garimoshi aliyegeuka Chemirocha katika nchi ya Wakipsigis

MWAKA 1950, Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kunasa sauti, alipiga kambi Kapkatet katika wilaya ya Kericho. Wakati huo majani ya chai yalikuwa mali ya mashamba makubwa ya Wazungu, na wakulima wadogo wa Boito, Konoin na Bureti walikuwa bado hawajapanda hata mche mmoja. Wenyeji walimwimbia nyimbo nyingi. Miongoni mwazo zilikuwamo tatu zilizobeba jina moja geni, Chemirocha.

Tracey aliambiwa kwamba jina hilo lilikuwa la mwimbaji wa Kimarekani, Jimmie Rodgers, ambaye sauti yake iliwafikia Wakipsigis kupitia gramafoni. Ulimi wa Kikalenjin ulilipinda jina lake mpaka likafanana na majina ya nyumbani, kama vile Chemutai au Chemutoi. Wasichana wa Kapkatet walipomwimba mgeni huyo, yeye alikuwa amekwisha kuzikwa miaka 17 kabla, katika mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyepata kuuona.

James Charles Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, karibu na mji wa Meridian katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mama yake aliaga dunia mtoto akiwa bado mdogo sana. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa vibarua waliokarabati njia ya reli, na mtoto alilelewa mara kwa jamaa huyu, mara kwa yule, mara kando ya reli yenyewe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapelekea vibarua maji ya kunywa. Wengi wa vibarua hao walikuwa watu weusi, na inasimuliwa kwamba ni kwao alikojifunza kupiga banjo na gitaa, pamoja na namna ya kuimba huzuni bila kulia.

Alipokomaa akawa mfunga breki wa garimoshi. Kazi hiyo ilimtaka mtu kutembea juu ya mabehewa yakiwa mwendoni, mvua inyeshe au jua liwake, na haikumfaa mtu mwenye mapafu dhaifu. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri. Walizaa mabinti wawili, wa pili akafariki akiwa mchanga mwaka 1923, wakati mfuko wa baba haukuwa na kitu. Mwaka uliofuata madaktari walimwambia Rodgers kwamba ana kifua kikuu.

Siku hizo dawa ya kuua vijidudu vya maradhi hayo haikuwapo popote duniani. Streptomycin iligunduliwa mwaka 1943, miaka 10 baada ya kifo chake. Mgonjwa aliagizwa apumzike, ale vizuri na kuhamia mahali penye hewa kavu. Rodgers hakuwa na uwezo wa kupumzika. Aliiacha reli na kushika gitaa, akaimba katika maonyesho ya mahemani, kwenye densi na popote alipolipwa senti kadhaa.

Bahati yake ilifunguka Agosti 4, 1927, mjini Bristol, kwenye mpaka wa majimbo ya Tennessee na Virginia. Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alikuwa amefika huko kusaka waimbaji wa mashambani. Rodgers alikwenda na bendi, lakini walikosana kuhusu jina litakaloandikwa kwenye santuri, wenzake wakamwacha. Akaingia mbele ya kipaza sauti peke yake na gitaa lake. Wimbo mmoja ulikuwa wa mchumba wa mwanajeshi, wa pili ulikuwa wa kubembeleza mtoto. Kwa kazi hiyo alilipwa dola 100, na santuri haikuvuma sana.

Mwimbaji mwingine angerudi nyumbani na kusubiri barua. Yeye alipanda garimoshi hadi New York bila kualikwa, akachukua chumba katika hoteli na kumpigia Peer simu. Novemba 30, 1927, huko Camden, New Jersey, alirekodi Blue Yodel, wimbo wa mwanamume aliyesalitiwa. Ndani yake mlikuwa na ile sauti iliyokuja kuwa alama yake, sauti inayotoka kifuani na kuruka ghafla hadi juu, nyembamba kama filimbi, kisha ikashuka tena. Wamarekani huita mtindo huo yodeli. Wachungaji wa milima ya Ulaya waliutumia kuitana ng'ambo ya mabonde, lakini hakuna aliyewahi kuuchanganya na bluzi ya watu weusi kwa ustadi wa namna hiyo.

Wimbo ulipotolewa mapema mwaka 1928, jina lake lilienea Marekani nzima. Ni mwaka huohuo ambapo Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri za kwanza za taarab ya Kiswahili. Biashara ya santuri ilikuwa inaizunguka dunia, na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikuhitaji umeme, hivyo iliweza kulia hata kwenye kilima kisicho na barabara.

Kwa miaka sita Rodgers alirekodi nyimbo zipatazo 110. Hapo ndipo ulipoanzia ugomvi wa mashabiki wake, ambao umedumu kuliko maisha yake.

Wapo wanaoshikilia kwamba Rodgers wa kweli ni yule wa Blue Yodel, mfululizo wa nyimbo 13, pamoja na zile za reli na jela, kama Waiting for a Train na In the Jailhouse Now. Kwao, nyimbo za mama mzee, baba mwenye mvi na nyumba ya utotoni ni sukari iliyozidi katika chai. Wanaona haya mtu aliyelala kwenye mabehewa akiimba kwa sauti ya kudeka kuhusu kiti cha baba. Lawama nyingi huelekezwa kwa Elsie McWilliams, shemeji yake, mwalimu wa muziki aliyetunga au kusaidia kutunga zaidi ya theluthi moja ya nyimbo zake.

Lawama hizo zina upungufu. Rodgers hakujua kusoma noti, na Peer, ambaye faida yake ilitokana na hakimiliki, alidai nyimbo mpya kila mara. Mgonjwa ambaye wiki moja yu jukwaani na wiki ya pili yu kitandani hangeweza kutunga kwa kasi hiyo. McWilliams alisafiri hadi studio na kumfundisha nyimbo kwa kumwimbia. Na ni hizo hizo nyimbo za baba na mama ambazo familia za mashambani zilinunua kwa pesa zilizopatikana kwa taabu. Anayezidharau ana haki ya sikio lake, ila akumbuke kwamba ndizo zilizolipa daktari.

Kundi la pili halina shida na maneno. Linachukia vyombo. Mashabiki hawa wanataka sauti moja na gitaa moja, kama ilivyokuwa siku za kwanza, na wanamlaumu Peer kwa kumzungushia mwimbaji magitaa ya Hawaii, tarumbeta na bendi za mjini. Nyimbo kama Everybody Does It in Hawaii wanaziona kuwa mchezo wa jukwaani usiostahili jina lake. Michezo ya kuigiza aliyorekodi pamoja na Carter Family mwaka 1931, ambamo wanajifanya kutembeleana na kupiga soga, huikwepa kabisa. Hapo ni vigumu kuwatetea wahusika, maana soga yenyewe inasikika kama watu wanaosoma barua ya mtu mwingine.

Lakini kundi hilo hukwama linapofika Julai 16, 1930. Siku hiyo, Hollywood, Rodgers alirekodi Blue Yodel namba 9 akiwa na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na Lil Hardin Armstrong kwenye piano. Majina ya watu hao wawili weusi hayakuandikwa kwenye santuri. Rodgers alikuwa na tabia ya kuongeza au kupunguza pigo apendapo, na bendi nyingi zilipotea njia zikimfuata. Ukisikiliza, utawasikia Armstrong na mkewe wakimngoja, wakimpisha, kisha wakimjibu. Mwaka uliofuata, huko Louisville, alirekodi pia na bendi ya Clifford Hayes, nayo ya watu weusi, wakati ambapo katika majimbo ya kusini sheria iliwatenga watu kwa rangi hata ndani ya behewa la garimoshi. Kumtaka Rodgers apige gitaa tupu ni kumnyang'anya kurasa hizo.

Upo pia wimbo usiokuwa na kundi la kuutetea wala kuupinga kwa sauti kubwa. T.B. Blues, wa mwaka 1931, unataja maradhi yake waziwazi. Baadhi ya watu hushindwa kuusikiliza hadi mwisho, na si kwa sababu ni mbaya.

Fedha zilipoingia, hazikukaa. Mwaka 1929 alijenga jumba Kerrville, Texas, mji uliosifika kwa hewa iliyowafaa wenye kifua kikuu. Aliendesha magari ya fahari, akawagawia marafiki pesa, na mwaka huohuo akaigiza katika filamu fupi, The Singing Brakeman, amevaa kofia na nguo za kazi za reli. Kisha uchumi wa Marekani ukaporomoka na watu wakaacha kununua santuri. Mwaka 1932 jumba liliuzwa, familia ikahamia nyumba ya kawaida San Antonio.

Mei 1933 alisafiri hadi New York akijua kwamba amebakiwa na siku chache. Alitaka kuwaachia Carrie na binti yake, Anita, chochote kitakachoingiza pesa baada yake. Studio iliwekwa kitanda. Aliimba wimbo, akalala, akaamka, akaimba mwingine. Kati ya Mei 17 na Mei 24 alikamilisha nyimbo zipatazo 12. Ule wa mwisho ulikuwa wa kukumbuka mambo ya zamani, wa aina ileile inayodharauliwa na kundi la kwanza. Aliuimba na gitaa lake tu, kama kundi la pili lilivyopenda.

Alfajiri ya Mei 26, 1933, damu ilimjaa kifuani akafariki katika chumba cha hoteli ya Taft, akiwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa garimoshi na kuzikwa huko. Mwaka 1961, ilipoanzishwa orodha ya heshima ya kuwaenzi wanamuziki wa country, alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza kuingizwa, pamoja na Hank Williams na Fred Rose.

Kwa Wakipsigis, sifa hizo hazikuwa na habari. Namna santuri zake zilivyofika kwao bado inabishaniwa. Wapo wanaosema zililetwa na wamishonari, wapo wanaosema zililetwa na askari wa Kiingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Lililo wazi ni kwamba hakuna aliyewapa orodha ya nyimbo nzuri na mbaya. Walisikia gitaa, wakaona linakaribiana na chepkong'o, chombo chao cha nyuzi ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo. Walisikia sauti inayoruka, nao ni watu wanaocheza ngoma kwa kuruka.

Tracey aliandika kwamba katika wimbo wa tatu, ulioongozwa na Chemutoi Ketienya akiwa na wasichana wenzake, Chemirocha ni kiumbe nusu mtu na nusu paa, anayehimizwa acheze kwa nguvu hadi nguo zimtoke. Maelezo hayo yalisafiri duniani pamoja na wimbo, na mashabiki wa Rodgers wakayapenda kupita kiasi. Wengine wameyatilia shaka. Upo ufafanuzi kwamba katika matumizi ya wenyeji neno chemirocha lilipanuka likawa jina la jambo lolote geni na jipya, hivyo huenda wasichana hao waliimba kuhusu ugeni wenyewe kuliko kuhusu mtu mmoja wa Mississippi. Aidha, nyimbo mbili za kwanza, zilizoimbwa na wanaume kwa chepkong'o, hutajwa mara chache. Wasikilizaji wa ng'ambo waliuchagua ule wa wasichana, wakaziacha hizo zikae gizani, kama wengine walivyoziacha nyimbo za McWilliams.

Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Mwaka 2014 watafiti wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walirudi katika nchi ya chai wakiwa na nakala. Waliwakuta baadhi ya walioimba mwaka 1950 wakingali hai, sasa wakiwa wazee. Miaka 64 ilikuwa imepita tangu sauti zao zinaswe, na hiyo ndiyo mara ya kwanza walipewa nakala zao wenyewe.