Phil Katz: Aliyebana mafaili yakapita kwenye njia nyembamba

Ukiwa Nachingwea mjini au kijijini kule Ruangwa, ukapokea kwenye simu faili ambalo jina lake linaishia na zip, umekutana na kazi ya mtu aliyefariki mwaka 2000. Hata kama hujawahi kupokea faili la aina hiyo, kazi yake unayo mkononi. Programu za simu za Android hufungwa kwa mtindo alioubuni yeye. Mafundi wakichungulia ndani ya faili la zip, herufi mbili za kwanza wanazokuta ni PK. Hizo ni herufi za jina lake, Phil Katz.

Phillip Walter Katz alizaliwa tarehe 3 Novemba 1962 nchini Marekani. Alisomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Milwaukee, kisha akaajiriwa kuandika programu. Akitoka kazini, alikaa tena mbele ya kompyuta yake nyumbani na kuendelea na mambo yake mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Watu wa kawaida huko kwao walikuwa wameanza kumiliki kompyuta, lakini intaneti haikuwa imewafikia. Aliyetaka kumpa mwenzake faili aliliweka kwenye disketi akampelekea, au aliunganisha kompyuta mbili kwa waya zikiwa chumba kimoja. Kwa aliye mbali, ilitumika simu ya mezani. Kifaa kiitwacho modemu kiligeuza faili kuwa milio, milio ikapita kwenye waya wa simu, na modemu ya upande wa pili ikaigeuza kuwa faili tena. Wapo walioacha kompyuta zao wazi kwenye laini ya simu usiku kucha, ili wengine wapige, waache mafaili yao na kuchukua mengine.

Njia hiyo ilikuwa nyembamba. Modemu nyingi za wakati ule zilipitisha herufi kama 240 tu kwa sekunde, au pungufu ya hapo. Faili la herufi 300,000, ambalo ni dogo kuliko picha nyingi unazopiga kwa simu leo, lilichukua zaidi ya dakika 20. Ukipiga simu mji wa mbali, dakika hizo zote unalipia. Sisi tunaonunua bando tunaujua uchungu huo.

Dawa ilikuwa kulibana faili kabla ya kulituma.

Faili linabanwaje?

Fikiria godoro la sponji linalosafirishwa juu ya basi. Likikunjwa na kukazwa kamba, linachukua nafasi ndogo. Likifika na kamba ikakatwa, linarudi vilevile, halijapungua hata kidogo. Faili la zip ni hivyo hivyo.

Tuchukue mfano wa orodha ya wakulima wa korosho wa chama cha msingi, AMCOS. Katika kila mstari kuna jina la mkulima, na mbele yake neno Nachingwea. Programu ya kubana huliandika neno hilo mara moja tu. Mistari inayofuata huwekewa alama fupi inayosema: rudi nyuma, chukua tena zile herufi kumi. Kisha herufi zinazotokea sana hupewa alama fupi, na zile adimu alama ndefu. Kwenye Kiswahili, herufi a ingefaidika kuliko zote.

Ndiyo maana orodha na maandishi hupungua sana, lakini nyimbo, video na picha za kamera hazipungui kitu. Hizo zilikwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa.

Kesi iliyompa jina

Katz hakuwa wa kwanza kubana mafaili. Kampuni ndogo iliyoitwa SEA ilikuwa tayari na programu ya ARC, iliyopendwa na watumiaji wa modemu. Katz alitoa ya kwake, PKARC, iliyofanya kazi ileile kwa kasi zaidi. Mwaka 1986 akaanzisha kampuni, PKWARE, akianzia nyumbani kwa mama yake.

Mwaka 1988 SEA ilimshtaki. Mtaalamu aliyelinganisha programu hizo mbili alikuta sehemu zilizonakiliwa, hadi makosa ya tahajia yaliyokuwa kwenye maelezo ya wenye ARC. Katz alikubali kumaliza kesi kwa kulipa zaidi ya dola 60,000.

Hata hivyo, watumiaji wengi walimuunga mkono yeye. Waliamini kampuni kubwa inamwonea kijana mnyonge, kumbe SEA nayo ilikuwa kampuni ya watu wachache tu. Tunalisema hili kwa sababu sifa za Katz husimuliwa mara nyingi bila kuwataja waliomtangulia.

Lakini alichofanya baadaye ni chake. Mwaka 1989 alitoa PKZIP, yenye muundo mpya, na akauchapisha muundo huo hadharani ili mtu yeyote aweze kutengeneza programu ya kuufungua. Hapo ndipo ZIP ilipoenea. Mwaka 1993 aliongeza njia bora zaidi ya kubana, na mpaka leo kurasa nyingi za intaneti hubanwa kwa njia hiyo kabla ya kufika kwenye simu yako. Bando lako hudumu kidogo zaidi kwa sababu yake.

Afrika Mashariki nayo ilipita njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti, baadhi ya taasisi zilitumiana barua kwa mtandao wa FidoNet, ambapo kompyuta zilipigiana simu. Barua zilibanwa na kufungwa pamoja kwanza, ili simu iwe fupi.

Pombe ilimshinda

Fedha zilikuja, lakini Katz alikuwa mpweke na alikunywa sana. Tarehe 14 Aprili 2000 alikutwa amekufa katika chumba cha moteli huko Wisconsin. Kongosho lake lilikuwa limeharibiwa na ulevi wa muda mrefu. Alikuwa na miaka 37.

Huku kwetu msimu wa mabibo uraka haukosekani, na kila kijiji kina kijana hodari ambaye pombe inamla taratibu. Ukimwona wako, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya azungumze na mhudumu.

Na ukipokea faili la zip, lifungue kwa programu ya mafaili iliyomo kwenye simu yako, bila kulipa mtu. Likitoka kwa usiyemfahamu, liache. Godoro lililofungwa huwezi kujua limeficha nini ndani.