Karl von Terzaghi

Karl von Terzaghi (Prague, 2 Oktoba 1883 – Winchester, Massachusetts, 25 Oktoba 1963) alikuwa mhandisi na mwanajiolojia kutoka Austria aliyehamia Marekani. Anahesabiwa kuwa baba wa mekanika ya udongo, yaani elimu ya namna udongo unavyobeba mizigo. Pia aliwapa wachimbaji wa mahandaki njia ya kukadiria uzito wa mwamba utakaoelemea nguzo zao.

Maisha

Alisomea uhandisi wa mitambo mjini Graz na kuhitimu mwaka 1904. Kuanzia 1916 alifundisha Istanbul. Huko, kwa vifaa alivyojiundia mwenyewe, alionyesha kwamba maji yaliyo kati ya chembe za udongo hubeba sehemu ya mzigo. Maji hayo hutoka polepole; ndiyo sababu jengo lililo juu ya udongo mfinyanzi laweza kuendelea kudidimia kwa miaka mingi. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1925. Baadaye alifundisha Massachusetts, Vienna na, kuanzia 1938, Chuo Kikuu cha Harvard.

Kazi juu ya mahandaki

Mwaka 1946 aliandika sehemu ya jiolojia katika kitabu cha Proctor na White kuhusu fremu za chuma za kushikilia mahandaki. Alieleza kwamba handaki lenye kina kirefu kwa kawaida halibebi mlima mzima. Mwamba wa juu hujishikilia kama tao, na fremu hubeba ile sehemu iliyolegea tu. Ukubwa wa sehemu hiyo hutegemea upana na kimo cha handaki.

Aliigawa miamba katika madaraja, kuanzia ile mizima hadi ile inayovimba. Katika mwamba wa matabaka yaliyolala, dari pana huvunjika kama ubao uliopakiwa mzigo. Mwamba dhaifu wenye madini ya mfinyanzi husogea polepole na kulibana handaki. Hapo kina huongeza mzigo. Mwingine hunyonya maji na kuvimba.

Kwa hiyo fremu ziwekwe mapema na kukazwa kwa kabari, kwa maana nafasi iliyoachwa nyuma yake huruhusu mwamba kulegea zaidi na mzigo kukua. Penye mwamba unaobana, alipendekeza fremu za duara.

Wahandisi waliotumia baadaye zege ya kunyunyizia na boliti za mwamba waliona makadirio yake kuwa makubwa mno, kwa kuwa mbinu hizo huusaidia mwamba kujibeba.

Kenya

Terzaghi alikuwa mshauri wa bwawa la Sasumua, linalopeleka maji Nairobi. Vipimo vya kawaida vilifanya udongo wake mfinyanzi uonekane haufai. Katika makala ya 1958 alieleza kwamba ulikuwa imara kutokana na madini yake na jinsi chembe zilivyoshikamana katika vifungu.

Kumbukumbu

Bwawa moja la British Columbia, Kanada, linaitwa kwa jina lake.