Rose Bertin: Mfanyabiashara wa urembo aliyekufa akiwadai wakubwa

KATIKA nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini wapo watu, wengi wao wanawake, ambao jioni na mwisho wa wiki hushika sindano na kushona kwa mkono magauni ya kike ya karne ya 18. Wakimaliza huyavaa kwenye dansi, matembezi na maonyesho ya kihistoria. Kwao si kazi ya kipato bali ni starehe, na ni starehe yenye masharti: koseti iliyokazwa kwa vijiti, sketi iliyotanuliwa ubavuni kwa fremu na marinda yanayoshuka mgongoni kutoka mabegani.

Anayeingia katika starehe hiyo hachukui muda kabla ya kukutana na jina la Rose Bertin, mwanamke aliyempamba Marie Antoinette, Malkia wa Ufaransa. Maisha yake yana somo kwa kila mjasiriamali. Yanaonyesha jinsi mtu anavyoweza kupata faida kubwa kutokana na bidhaa ndogo ndogo, na jinsi faida hiyo hiyo inavyoweza kubaki kwenye daftari bila kuingia mfukoni.

Msichana wa Abbeville

Jina lake halisi lilikuwa Marie-Jeanne Bertin. Alizaliwa Julai 2, 1747 katika mji wa Abbeville, kaskazini mwa Ufaransa, uliojulikana kwa viwanda vya vitambaa vya sufu. Familia yake haikuwa na mali. Akiwa bado kijana alikwenda Paris kufanya kazi katika duka la mapambo ya nguo, na huko alijuana na wanawake wa koo za kitawala, akiwemo mke wa Duke wa Chartres, ambaye baadaye alimfungulia milango mingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1770 alifungua duka lake mwenyewe, Le Grand Mogol, katika mtaa wa Saint-Honoré jijini Paris.

Faida ilikuwa kwenye mapambo

Ili kuielewa biashara yake, ni lazima kujua kwamba gauni la wakati ule lilipita katika mikono ya watu watatu. Wa kwanza alikuwa muuza kitambaa, wa pili mshonaji, na wa tatu muuza mapambo. Cherehani ilikuwa haijaingia sokoni, hivyo kila mshono ulishonwa kwa mkono. Hata hivyo, ujira wa mshonaji ulikuwa mdogo sana ukilinganishwa na bei ya hariri. Kitambaa ndicho kilichomeza fedha.

Kwa sababu hiyo gauni la hariri halikutupwa. Lilifumuliwa, likarekebishwa na kupambwa upya ili lionekane jipya. Hapo ndipo Bertin alipoiona nafasi yake. Alinunua tepe, lesi, shashi, manyoya ya ndege na maua ya bandia, akavipanga kwa ubunifu wake na kuviuza kwa bei aliyoipanga yeye. Mteja hakulipia utepe, alilipia mkono na jicho la Bertin. Kwa lugha ya wachumi wa leo, alikuwa akiongeza thamani.

Baada ya Mfalme Louis wa 16 kurithi kiti mwaka 1774, mke wa Duke wa Chartres alimtambulisha Bertin kwa Malkia, ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Tangu hapo alikuwa akienda kwa Malkia kama mara mbili kwa wiki akiwa na mitindo mipya. Ilikuwa heshima isiyo ya kawaida kwa muuza duka, na watu wa Paris wakampa jina la utani la Waziri wa Mitindo.

Alijua pia kujitangaza. Wanasesere waliovikwa mitindo ya Paris walipelekwa nje ya nchi ili wateja waone mtindo kabla ya kuagiza, na alipata wateja katika koo za kifalme za Urusi, Hispania na Sweden. Mwaka 1776, vyama vya ufundi vilipopangwa upya nchini Ufaransa na wauza mapambo kupewa chama chao, Bertin ndiye aliyechaguliwa kukiongoza kwa mara ya kwanza.

Melimeli yaitikisa hariri

Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha picha ya Malkia akiwa na gauni jepesi la melimeli nyeupe, lisilo na fremu wala hariri nzito. Watu walichukizwa kumwona Malkia katika vazi walilolifananisha na nguo ya ndani, na picha ikaondolewa kwenye maonyesho. Malalamiko mengine yalikuwa ya kiuchumi. Mji wa Lyon uliishi kwa kufuma hariri, wakati melimeli ilikuwa pamba, na nyingi ilitoka India. Chaguo la mtu mmoja wa juu liligusa riziki za wafumaji, na nyuma yao wakulima waliofuga viwavi wa hariri. Hata hivyo mtindo huo ulienea, na mpaka leo ni miongoni mwa magauni yanayopendwa na wanaoshona mavazi ya kale, kwa kuwa ukataji wake ni rahisi.

Mali kauli kwa wakubwa

Udhaifu wa biashara ya Bertin ulikuwa kwenye mzunguko wa fedha. Wenye vitambaa na tepe walimpa mzigo kwa mali kauli, naye akawapa wateja wake kwa mali kauli. Tofauti ni kwamba wadai wake waliweza kumbana, lakini yeye hakuwa na ubavu wa kumbana mke wa Duke. Desturi ya wakubwa ilikuwa kulipa baada ya mwaka, miaka kadhaa au kutolipa kabisa.

Malkia mwenyewe alitengewa livre 120,000 kwa mwaka kwa ajili ya mavazi, lakini mwaka 1785 matumizi yalipita livre 250,000. Januari 1787 zilienea habari jijini Paris kwamba Bertin amefilisika. Aliendelea na biashara, lakini tatizo lilikuwa limeonekana: duka linajaa wateja na sanduku la fedha ni tupu.

Mapinduzi yalipoanza mwaka 1789, wateja wake wengi walikimbilia nje, na madeni yakakimbia nao. Malkia alipofungwa mwaka 1792 maagizo yalishuka hadi kofia, tepe na marekebisho madogo. Aliuawa Oktoba 16, 1793. Bertin alihamishia sehemu ya shughuli zake London, akarejea Ufaransa mwaka 1795. Alikuta wanawake wamevaa magauni membamba yenye kiuno cha juu, yasiyohitaji mapambo mengi. Soko lake lilikuwa limekwisha.

Kilichobaki

Kilichomsitiri uzeeni ni uamuzi wa kuwekeza sehemu ya faida katika nyumba wakati biashara ikiwa nzuri. Alifia katika nyumba yake ya Épinay, karibu na Paris, Septemba 22, 1813, akiwa na umri wa miaka 66. Warithi wake waliendelea kuwadai wateja wa zamani na jamaa zao.

Nyaraka za madai hayo zilihifadhiwa. Jumba la Makumbusho la Royal Ontario huko Toronto, Canada, lina gauni linalohusishwa na duka lake, lakini ni ankara zisizolipwa ndizo zinazowaeleza zaidi watafiti na mashabiki wa mavazi hayo nani aliagiza nini, kwa rangi gani na kwa bei gani.

Mjasiriamali wa leo aone hapo kwamba Bertin hakushindwa kwa kukosa ubunifu, wateja wala kumbukumbu za hesabu. Alichokosa ni kikomo cha mkopo kwa kila mteja na malipo ya awali kabla ya kuanza kazi. Mteja mwenye jina kubwa huleta wateja wengine, lakini jina lake halimlipi muuza tepe mwisho wa mwezi.